Nywele nyembamba zisizojaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nywele nyembamba si ndizo nywele chache?

Hapana. Wembamba ni wa unywele mmoja mmoja, uchache ni idadi ya nywele kichwani, na anayechanganya haya mawili huishia kununua vitu visivyomfaa. Kuna watu wenye unywele mwembamba kama utando wa buibui ila umeota kwa wingi, na kuna wenye unywele mnene ulioota kwa nafasi.

Jipime hivi. Chukua unywele mmoja ulionaswa kwenye chanuo, uweke kati ya kidole gumba na cha shahada, usugue taratibu. Usipouhisi kabisa, ni mwembamba. Ukiuhisi kama uzi wa kushonea, ni mnene. Kwa vipimo, unywele mwembamba huwa na kipenyo cha chini ya milimita 0.06 hivi. Kisha simama karibu na dirisha mchana, nywele zikiwa kavu na hujazigawa. Ngozi ikionekana bila kuzitenganisha, basi ni chache pia.

Mwenye nywele nyembamba nyingi kazi yake ni kupunguza uzito na kuinua shina. Mwenye nywele chache kazi yake ni kuficha ngozi, na hapo mkato mfupi na mgawanyo wa kando humsaidia kuliko chupa yoyote.

Nywele zangu ni za kipilipili, zile tunazoziita kaweke. Zinawezaje kuwa nyembamba?

Zinaweza, na ni jambo la kawaida. Msokoto huwadanganya watu: nywele zikiwa kavu na zimechambuliwa huonekana msitu, zikilowa zinasinyaa zinabaki kiganja kimoja. Unywele wa kipilipili ulio mwembamba hukatika kirahisi kwenye kila kona ya msokoto, kwa hiyo shina hubaki limejaa huku ncha zikionekana kama moshi.

Wengi hapa Uganda hawalijui hili hadi wamalize S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, kwa kuwa shuleni walikuwa wakinyoa miaka yote. Mwaka wa kwanza wa kufuga ndipo wanapojaribu kila mafuta yaliyopo dukani. Anza na machache.

Kwa nini nikitoka saluni zimejaa, nikiamka asubuhi zimelala?

Ndani ya unywele kuna vifungo vidogo vinavyofunguliwa na maji na kujifunga tena unywele unapokauka. Umbo ambalo unywele unalo wakati wa kukauka ndilo linalobaki. Ukikauka umelala, utalala. Ukikauka umeinuliwa, utakaa juu mpaka unyevu uufungue tena. Ndiyo maana nywele za Kampala miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, hulala mapema kuliko za Januari.

Lakini mara nyingi mvua haina kosa. Msusi alizitoa kwenye draya zikiwa bado zina unyevu ndani, hasa kisogoni. Tumia nyuma ya kiganja au shavu kupima: nywele zikihisi baridi, bado zina maji, hata kama juu zinaonekana kavu. Kosa la pili ni kuzichana zikiwa bado za moto. Zikipoa ndipo umbo linashika, kwa hiyo dakika kumi za kukaa bila kuzigusa ni sehemu ya kazi.

Nitumie shampuu gani, na mara ngapi?

Nywele nyembamba za dawa au zilizonyooka zenyewe: kila baada ya siku 3 au 4. Za kipilipili: mara moja kwa wiki, au kila siku 10 zikiwa zimesukwa. Mafuta ya ngozi huteremka haraka kwenye unywele ulionyooka, ndiyo sababu ya tofauti hiyo.

Geuza chupa usome viungo vitano vya kwanza. Ukikuta "dimethicone", "petrolatum" au "mineral oil" humo, irudishe. Vitu hivyo hufunika unywele kwa utando mzito, vizuri kwa nywele nene na kavu, vibaya kwako. Maneno ya mbele ya chupa kama "moisture" na "repair" mara nyingi yanaashiria shampuu nzito. "Volume" huwa nyepesi, ingawa si kila kampuni inatimiza ahadi.

Mara moja kila wiki 3 au 4 tumia shampuu ya kusafisha kwa kina ili kuondoa mabaki ya jeli na mafuta. Ukiosha kwa maji ya kisima cha pampu na sabuni haitoi povu vizuri, maji hayo yana chumvichumvi zinazobaki kwenye nywele. Maji ya mvua uliyokinga kwenye pipa ni mazuri zaidi. Ukiyakosa, malizia kwa kijiko kimoja cha mezani cha siki ndani ya nusu lita ya maji, kisha suuza.

Kondishena si ndiyo inayolaza nywele? Niiache?

Usiiache, ukiiacha nywele nyembamba zitasukana na kukatika unapochana. Punguza kiasi na ubadilishe mahali. Kwa nywele za kufika mabegani, weka kiasi cha ukubwa wa sarafu ya shilingi 500, upake kuanzia usawa wa masikio kwenda chini. Shina lisiguswe. Dakika 2, suuza mpaka maji yawe safi kabisa. Za kipilipili zinataka kiasi mara mbili ya hicho, na bado ngozi ya kichwa haihusiki.

Ikiwa nywele ni laini mno, zikilowa zinavutika kama mpira na hazirudi, zimekosa protini. Tafuta kondishena yenye "hydrolyzed wheat protein" au "hydrolyzed keratin" na uitumie kila wiki 4 hadi 6. Ukizidisha, zitakuwa ngumu kama fagio na kukatika kwa sauti.

Povu, jeli, losheni ya kuseti: nianze na ipi?

Povu. Huacha utando mwembamba unaofanya nywele zishikamane kidogo na kusimama, na huwa na uzito mdogo kuliko vingine vyote. Kiasi cha yai moja la kuku kwa nywele za mabegani, nusu yake kwa fupi. Pangusa nywele kwanza zisidondoshe maji, paka povu shinani kwa vidole, kisha chana kuelekea nchani. Kulipaka kwenye nywele kavu ni kulipoteza.

Losheni ya kuseti ni ya rola. Nyingi huchanganywa na maji, sehemu moja ya losheni kwa sehemu tatu au nne za maji. Soma chupa kwanza, maana nyingine huja tayari. Ikizidi, nywele zinatoa unga mweupe unapochana, na watu watadhani una mba.

Jeli iwe ya kingo tu. Siagi za nywele za kwenye kopo, zile za kijani na bluu, ziachie wenye nywele nene.

Na mafuta ya shea ya kaskazini? Hayo ni ya asili.

Ya asili, na mazito vilevile. Shea ya Lango na Acholi, inayoitwa huko "moo yao", ni laini na huyeyuka kirahisi kuliko ya Afrika Magharibi, lakini bado ni mafuta. Kwa nywele nyembamba chukua kiasi cha punje ya harage, yeyusha kati ya viganja mpaka usiyaone, gusa ncha tu, tena nywele zikiwa na unyevunyevu. Mafuta ya nazi tumia kabla ya kuosha: paka nusu saa, kisha shampuu. Hapo yanapunguza kuvimba kwa unywele ndani ya maji bila kubaki kukulaza nywele wiki nzima.

Kuseti kwa rola kunafanywaje ili shina lisilale?

Hapa ndipo saluni nyingi hukosea, hasa kukiwa na foleni. Utahitaji rola 18 hadi 25 kwa kichwa cha kawaida, chanuo lenye mkia, losheni na draya ya kukalia.

Nywele ziwe zimeoshwa na kukamuliwa kwa taulo. Gawa kichwa sehemu tatu: katikati kutoka paji hadi kisogoni, na pande mbili. Anza katikati mbele. Kata fungu lenye upana usiozidi urefu wa rola na unene usiozidi kipenyo chake. Fungu likiwa nene kuliko rola, sehemu ya chini itaning'inia nje ya kitako na shina litalala hata ukae kwenye draya mpaka jioni.

Nyunyiza losheni, chana mpaka liwe laini, kisha ulivute kuelekea mbele kidogo kupita wima, yaani juu ya pua na si juu ya kichwa. Weka rola nchani, hakikisha ncha zimelala na hazijakunjika, zungusha kwa mvuto wa kadiri hadi rola ikalie shina lenyewe. Ibane kwa klipu upande wa nyuma. Ukiibana mbele, klipu itaacha mstari unaoonekana kwenye paji.

Rola ndogo, za milimita 20 hadi 25, huinua zaidi lakini huacha mawimbi. Kubwa, milimita 35 na zaidi, hupanua bila kupinda. Kwa nywele fupi usiende kwenye kubwa, hazitazunguka hata mara moja na nusu.

Kaa kwenye draya ya joto la kati dakika 45 hadi 60. Fungua rola moja ya kisogoni upime kabla ya kutoka. Zikiwa kavu, zima draya, ngoja dakika 10 zipoe, fungua kuanzia chini kwenda juu, chambua kwa vidole. Brashi itakuja mwisho, na ya manyoya laini.

Sina draya, au sitaki moto. Kuna njia nyingine?

Uzi. Njia ya bibi zetu, na kwa nywele nyembamba za kipilipili sijaona inayoipita kwa kunyoosha bila kuvunja.

Osha jioni, acha zikauke mpaka zibaki na unyevu kidogo tu. Paka kiasi cha punje ya harage cha losheni nyepesi. Gawa mafungu 12 hadi 16. Chukua uzi mweusi wa kusukia, mkunjo wa nyuzi mbili, mrefu wa kutosha kuzunguka fungu hadi nchani na kurudi. Kwenye shina zungusha mara tatu zilizobanana ili uzi ushike, kisha teremka kwa mizunguko iliyoachana nusu sentimita hadi nchani, rudi nyuma mizunguko mitano, funga. Kila fungu lisimame lenyewe kama kijiti. Likiinama, hukuvuta vya kutosha. Nyusi zikivutika, umevuta kupita kiasi, na kingo za nywele nyembamba hazisamehe: fungua fungu hilo urudie.

Lala na kitambaa cha satini. Asubuhi fungua kuanzia nchani, kamwe usikate uzi kwa mkasi kichwani. Nywele zitakuwa zimenyooka lakini zimesimama. Tumbukiza chanuo la afro shinani tu, inua mara mbili tatu kila upande, usiteremke nchani. Ukitaka mawimbi badala ya kunyooka, bila uzi sokota mafungu 20 hivi, kila moja kwa kupitanisha sehemu mbili za nywele, na uyafungue yakiwa makavu kabisa. Yakiwa na unyevu yatasinyaa kabla hujafika kwenye stendi ya teksi.

Nina draya ya mkono nyumbani. Niitumieje?

Kwa nywele za dawa: inama kichwa chini, kausha shina kwa vidole mpaka nywele zikauke kwa sehemu nne kati ya tano. Simama, weka kile kipua chembamba cha draya, shika fungu moja moja kwa brashi ya mviringo, lielekeze upande usio wake: za kulia zivute kushoto, za kushoto kulia. Hewa ielekee kutoka shina kwenda nchani. Kila fungu limalizie kwa hewa baridi, sekunde 10. Zikirudi mahali pake zitasimama zenyewe.

Kuhusu Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla: draya ya wati 1,800 kwa dakika 20 inakula yuniti 0.6. Na ukiletewa draya kutoka Marekani iliyoandikwa volti 110 au 120 pekee, usiichomeke. Umeme wetu ni volti 240, na kile kiadapta kidogo cha soketi hubadilisha miguu ya plagi tu. Itanuka, kisha ife.

Pasi ya nywele iwe na moto kiasi gani?

Nyuzi 150 hadi 170 za Selsiasi, pitisho moja au mbili, nywele kavu kabisa na zimepakwa kinga ya joto. Ukisikia chiii, maji yanachemka ndani ya unywele na kuutoboa. Hapo hauponi, unakatwa. Na pasi, kwa asili yake, hulaza. Ukitaka zijae, ipitishe kuanzia sentimita 5 kutoka kwenye ngozi.

Je, niweke dawa? Nasikia zikinyooka zitaonekana ndefu.

Ndefu ndiyo, nyingi hapana. Dawa ya kunyoosha ina alikali kali, pH ya 12 na zaidi, na huvunja vifungo vya kudumu vya unywele. Unywele mwembamba huvunjika haraka kuliko mnene, kwa hiyo dakika zilezile zinazomfaa rafiki yako zinaweza kukumaliza.

Ukiamua, chagua iliyoandikwa "mild", na usipitishe muda wa chini ulioandikwa kwenye pakiti. Zikibaki na mawimbi kidogo, ni vizuri: mawimbi hayo ndiyo ujazo wako. Ritachi kila wiki 10 hadi 12, kwenye shina jipya pekee, na nywele za zamani zipakwe mafuta mazito kuzikinga. Dawa ikipita mara mbili mahali pamoja, hapo ndipo zitakapokatikia.

Dawa zisizo na magadi makali, zile za kuchanganya pakiti mbili, huacha mabaki ya kalisi yanayofifisha nywele. Shampuu ya kusafisha kwa kina baada ya wiki moja huyapunguza.

Kusuka rasta kunaongeza ujazo?

Kwa wakati zilipo kichwani, ndiyo. Tatizo ni uzito. Fungu dogo la nywele nyembamba likibebeshwa rasta ndefu hadi kiunoni, shina hutoka polepole, hasa pembeni mwa paji. Mwambie msusi asuke mafungu ya wastani, rasta zisipite mabega, na aanze na nywele zako mwenyewe kabla ya kuongeza za kununua, bila fundo shinani. Zikae wiki 6, zikizidi 8.

Ukilala na maumivu, au ukaona vipele vidogo vyeupe kwenye shina, zifumue usiku huohuo. Ile kauli ya saluni kwamba "zitalegea kesho" imewapotezea wengi kingo zao.

Yai, ovakado, ndizi?

Protini ya yai bichi ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele, na ukisuuza kwa maji ya moto linaiva kichwani. Ovakado ni mafuta, yatakulaza. Ndizi huacha vipande utakavyovitoa kwa chanuo hadi kesho yake. Ni bora uvile vyote.

Nywele zimeanza kulala siku ya tatu na sina muda wa kuosha.

Shampuu kavu, au wanga wa mahindi ule mweupe laini wa kupikia, si unga wa posho, yaani wa ugali. Kijiko cha chai kimoja, ukichanganye na kakao isiyo na sukari kiasi hichohicho ili usionekane umezeeka. Pakaza shinani kwa brashi ya poda, subiri dakika 5, kung'uta. Ukinyeshewa huku unga umo kichwani utakuwa na uji, kwa hiyo tazama mawingu kwanza.

Au chana kinyume: chukua fungu la utosini, lisimamishe, sukuma chanuo kutoka sentimita 5 juu kuelekea shina mara tatu, funika kwa fungu la mbele lililolainishwa. Kulifumua anzia nchani ukiwa na kondishena mkononi.

Mkato gani unafaa?

Uliokatwa sawasawa chini, kati ya taya na bega. Mstari mmoja ulionyooka hufanya ncha zionekane nene. Kataa mkasi wenye meno wa kupunguzia. Hizo unazopunguziwa ndizo unazozitafuta. Kwa afro, fupisha pembeni na uache juu, jicho litaona urefu badala ya upungufu.

Kofia ngumu ya boda inaziponda kila asubuhi. Hijabu pia.

Kofia ngumu ivae, tena uifunge vizuri. Usiilegeze kwa ajili ya nywele. Ndani vaa kitambaa chembamba cha satini, ambacho pia kinakukinga na jasho la abiria waliotangulia. Usibane fundo utosini, kofia haitakaa sawa: sokota mafungu mawili yaliyolegea, yalaze kisogoni. Ukifika, inama, tikisa shina kwa vidole, geuza mgawanyo wa nywele upande wa pili. Huko kugeuza mgawanyo tu kunarudisha nusu ya kazi.

Kwa hijabu, tatizo kubwa ni kuifunga juu ya nywele mbichi. Zikaushe kwanza, vaa kofia ya ndani ya satini badala ya pamba, na ubadilishe mahali pa kubana kila siku.

Nitajuaje kuwa bidhaa ni halisi nikinunua kwenye masoko ya Kampala kama Kikuubo au Owino?

Angalia alama ya ubora ya UNBS (shirika la viwango la Uganda), tarehe ya kuisha, namba ya toleo iliyochapwa juu ya chupa yenyewe na si kwenye stika, na muhuri chini ya kifuniko. Fungua unuse ukiruhusiwa. Dawa ya kunyoosha iliyojitenga maji na mafuta, iache hapohapo.

Zilikuwa zimejaa, sasa zimepungua ghafla. Bado ni suala la povu na rola?

Hapana. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Zikianza kutoka kwa viganja miezi 2 au 3 baada ya kujifungua, homa kali kama malaria, upasuaji au kupungua uzito kwa haraka, kwa kawaida huota tena ndani ya miezi 6 hadi 12. Katika kipindi hicho usisuke kwa kubana na usiweke dawa.

Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo pia hupunguza nywele, na hayo yanaonekana kwa kipimo cha damu. Ngozi ikiwasha, ikitoa magamba, ikiwa na mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, au ikiwa laini inayong'aa bila vitundu vya nywele, nenda kliniki ya ngozi mapema. Nenda nywele zikiwa zimefumuliwa na hazina mafuta, ubebe picha ya miezi michache iliyopita na orodha ya ulivyopaka, maana daktari atakuuliza hayo kabla ya yote.